Kidole Kidogo cha Kushoto

Kahindo alisimulia vibaya. Alisimulia mbele ya meza nzima, kwenye arusi ya binti yake huko Goma, mkono wake mmoja ukiwa begani mwangu, na watu walikuwa wamekwisha kula na kushiba kiasi cha kupenda hadithi yoyote. "Huyu dada munaona hapa," alisema, "ule mwaka tulikuwa Bweremana, aliokoa mama mumoja. Ajenti wa msaada alitaka kumutoa kwa listi. Sifa akasimama mbele ya watu wote akasema, apana, kidole yake ilikuwa safi, ni miye njo nilimupaka." Watu wakapiga makofi, mzee mmoja nisiyemjua akanisogezea soda yake ambayo hakuwa ameifungua, nami nikatabasamu. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Kahindo hakuwepo siku ile. Mimi nilikuwepo, na sikusema hivyo. Tangu arusi hiyo nimekuwa nikijiuliza ni nani aliyempa habari ile, na kila nikitafuta mtu wa kumlaumu ninabaki mwenyewe, maana wengine wote waliokuwepo hawakuwa na sababu ya kunipamba. Huenda ni mimi niliyemdanganya tukiwa wasichana, kisha nikasahau. Inatisha kidogo kutoujua uongo wako mwenyewe. Basi ninaandika mwaka ule kama ninavyoukumbuka, na pale ambapo kumbukumbu yangu imevurugika nitasema imevurugika.

Sitaeleza tulivyofika Bweremana, kimbilio letu la vita kando ya ziwa. Wote waliofika mwaka ule walifika kwa miguu, na anayetaka habari za njia ana watu wengi wa kuwauliza. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nikiishi na mama mkubwa wangu, dada wa mama, katika chumba cha mbao nyuma ya duka la Papa Paluku, mfanyabiashara kutoka Butembo aliyekuwa na picha ya Bikira Maria juu ya mizani yake na sauti ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto mchanga. Kahindo alikuwa binti yake na tulilingana umri. Kati ya chumba chetu na nyumba yao kulikuwa na depo, mahali pa sabuni za miche, mifuko ya chumvi, betri na samaki wakavu, harufu zote zikiwa zimeoana kabisa, hata leo nikifungua mche wa sabuni ninasubiri samaki. Ndani ya depo hiyo kulikuwa na katoni moja ya verni, rangi za kucha, chupa ndogo ndogo zenye chembe za kumetameta ndani. Ilikuwa imeagizwa kwa ajili ya Bisie, kule machimboni katika msitu wa Walikale, ambako wanawake waliowapikia wachimbaji walipenda kujipamba siku ya Jumapili. Vita vikafunga barabara ya huko, katoni ikabaki kando ya ziwa pamoja nasi. "Itakauka bure," Papa Paluku alituambia siku moja. "Ile yenye kifuniko imepasuka, mucheze nayo. Ile nzima muache. Amani ikirudi itaenda Walikale." Kahindo alilitafsiri neno "kupasuka" kwa ukarimu mkubwa, na kufikia mwezi wa tatu hapakuwa na chupa hata moja ambayo kifuniko chake hakikuwa na kasoro.

Naomba nisichekwe nikisema kwamba tulifanya kazi ile kwa bidii kuliko kitu chochote tulichowahi kufundishwa shuleni. Chupa haitikiswi, kwa sababu ukitikisa unapata mapovu, na mapovu yakikauka juu ya ukucha yanaacha vishimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Chupa inaviringishwa katikati ya viganja, taratibu, mpaka chembe zilizolala chini ziamke zenyewe. Tulikata mifuko ya plastiki kwa wembe tukapata vidirisha vya kupakia maumbo: kilima, wimbi, sambaza, yule samaki mdogo wa ziwani ambaye tulimla kila siku na ambaye kwa chembe za fedha alipendeza kuliko katika sahani. Kijiti cha kiberiti kilisafisha pembeni, na unyasi wa ufagio ulichora mistari myembamba. Sheria ya kwanza ilikuwa ya Kahindo, na aliisimamia kama askari wa barabarani: kwanza tabaka moja la verni isiyo na rangi, ndipo rangi. "Rangi nzito inakula kucha," alisema. "Ukipaka yenyewe tupu, siku utaitoa, kucha inabaki na doa ya mwezi muzima." Chupa ya verni isiyo na rangi ilikuwa moja tu.

Mama mkubwa alituona wapumbavu. Alikuwa mwanamke mwenye akili nyingi na subira kidogo, na mwaka ule akili yake yote ilikuwa juu ya chakula. Tulikula bugali na sambaza, au bugali na sombe, yaani kisamvu, bila mafuta, na siku nyingine tulikula bugali na maneno yake. "Munapaka kucha za nini? Za kushika nini?" aliuliza, nami nikaendelea kuviringisha chupa. Chumba chetu na vyumba vya wakimbizi wengine vilitenganishwa kwa mbao zilizopishana vibaya, na nikiwa nimelala mchana nilisikia mazungumzo ya wanawake wa uani yakipita kwenye nyufa vipande vipande: nani ameonekana hai, nani amezikwa wapi, msaada utakuja siku gani. Wiki moja yalikuwa juu ya kambi ya wakimbizi iliyokuwa ng'ambo ya mpaka wa mkoa, upande wa Kivu Kusini, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Nilisikia "Jumamosi," nikasikia "jetoni mbili," vile vipande vya kupokelea msaada, nikasikia mama mkubwa akisema, "Mutoto haulizi kama unga ilitoka kwa listi gani." Niliyasikia hayo kama unavyosikia mvua kwenye nyumba ya jirani. Au ndivyo ninavyopenda kudhani sasa. Jumapili asubuhi kulikuwa na unga mwingi chumbani na mafuta kwenye chupa, nikafurahi, na sikuuliza kitu.

Mama Nyota alikuwa jirani yetu wa ukuta. Alikuwa mkulima kutoka vilima vya Masisi, mjane mwenye watoto wawili wa kike, na hakukaa uani na wengine kwa sababu kila siku alikwenda kulima mashamba ya watu ili apate viazi vya jioni. Jumamosi ile pia alikuwa shambani. Jumatatu mvua ilimrudisha mapema, akasimama kwenye mlango wa depo, matope mpaka magotini, akitazama nilivyokuwa nampaka Kahindo. Alitazama kwa muda mrefu sana. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi: "Na miye munaweza kuniweka?" Kahindo alicheka kwa furaha na kumpisha kwenye gunia la chumvi. Alitaka nyekundu, vidole vyote, kama aliyopakwa siku ya kuolewa. Lakini mimi nilikuwa fundi wakati huo, na fundi wa miaka kumi na sita hasikii mteja. Nilimwambia tutampaka vidole kumi rangi kumi. Nilisafisha udongo chini ya kila ukucha kwa kijiti cha kiberiti. Zilikuwa kucha ngumu, zenye mistari, mbili zimepasuka. Nilianza mkono wa kulia. Verni isiyo na rangi ilikwisha kwenye kidole cha tisa. Kahindo alikuwa ameitwa na baba yake dukani, kidole cha kumi kilibaki kitupu, kidole kidogo cha mkono wa kushoto, ukucha safi kabisa, na mimi nilikuwa nimeshaamua kwamba hicho ndicho kitakuwa cha zambarau yenye nyota za fedha. Nilipaka tupu. Nilijua sheria na nikaipita, kwa sababu nilitaka kumaliza kabla Kahindo hajarudi, aone kazi yangu. Mama Nyota alinyanyua mikono miwili mbele ya uso wake. "Hii mikono si yangu," akasema. Alitoka ameiweka mbele kama amebeba sahani iliyojaa, na kupitia mbao nilisikia watoto wake wakihesabu rangi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mpaka leo linanizungusha kichwa. Kesho yake wanawake walianza kuja. Walikuja wale wale wa uani, waliotucheka pamoja na mama mkubwa, wawili, kisha watatu, wakakaa juu ya mifuko ya chumvi wakisubiri zamu. Kahindo alikuwa karibu kulia kwa furaha, hata akaisahau sheria yake. "Tuko na salon," aliniambia sikioni. Walikuwa wamemwona Mama Nyota, walisema, wakapenda. Lakini hawakujali kilima wala samaki. Walitaka rangi nzito, yenye chembe nyingi, tabaka mbili, na kila mmoja kwa namna yake alisema kidole kidogo cha kushoto kisionekane hata kidogo. Kila kidole kidogo cha kushoto nilichokishika kilikuwa na doa la zambarau iliyoiva, karibu nyeusi, ukucha mzima. Jumatano alikuja mama mkubwa mwenyewe. Alininyooshea mkono bila kuniangalia. "Funika muzuri hapa," alisema. Nikamuuliza, "Mama mukubwa, hii ni nini?" Akajibu, "Ni rangi ya kikapu." Hakuwa anasuka vikapu. Nilijua hasuki, nikapaka tabaka mbili, tena kwa uangalifu, pembeni nikasafisha. Je, nilijua? Nilikuwa nimewahi kuona wino ule. Kila mtu aliyepokea msaada alichovya kidole hicho kwenye chupa, ili asirudi mara ya pili. Ngozi ukiisugua kwa majivu na ndimu inatakata, ila ukucha unashika mpaka ukue. Yote hayo niliyajua. Lakini nilikuwa na furaha ya kutafutwa, na furaha hiyo ilikaa mbele ya macho yangu kama kitambaa. Niliyajua yote, nikayaacha kila moja mahali pake.

Alhamisi tuligawiwa msaada kwenye uwanja wa mpira. Kahindo alikuwa ameondoka na baba yake kwenda Goma kutafuta bidhaa, na kwa vyovyote watoto wa wafanyabiashara hawakuwa kwenye listi. Kulikuwa na lori, meza, kofia za watu wa msaada, na chupa ya wino. Ajenti wa mezani alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Alipokea jetoni, akatazama kidole, akachovya, akaita mwingine. Mwanamke wa nne mwenye kucha za kumetameta alipofika, aliinua kichwa. "Juu ya nini leo wamama wote wamevaa arusi?" aliuliza, na watu wakacheka, yeye hakucheka. Aliwaambia wote wenye verni wasimame kando. Walifika kumi na wanne. Akaomba wembe. Ninakumbuka sauti ya kukwangua, ndogo, kama panya kwenye dari, kwa sababu chembe za kumetameta haziachii upesi. Wengine walitumia mawe, wengine meno. Chini ya verni ya kila mmoja wa wale wengine kulikuwa na wino. Mama Nyota alikwangua vidole vyote kumi, kwa haraka kuliko wote, akiwa na uso uliotulia, mtu anayengoja kwenda zake na unga wake. Alipomaliza aliweka kidole juu ya meza. Ukucha ulikuwa wa zambarau.

"Hii ni wino," ajenti alisema.

"Ni verni," alisema Mama Nyota. Alikuwa akikitazama kidole chake kana kwamba kimemjibu vibaya. "Zingine ziko safi, angalia. Hii moja njo imebaki na rangi. Siko na wino, papa. Sikuendaka ng'ambo."

"Wote wanasema hivyo, mama."

Aligeuka akanitafuta kwenye umati. Nilikuwa mstari wa mbele, nimebeba mfuko mtupu wa mama mkubwa. "Sifa, kuja," aliita. "Huyu mutoto njo alinipaka Jumatatu. Alisafisha kucha yangu mbele ya kupaka. Mumuulize."

Ajenti hakuwa mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, ingenisaidia. Aliniita kwa mkono, akaniuliza polepole kama mwalimu: "Ni weye ulipaka hawa wamama wote?" Nikasema ndiyo. "Basi unajua nani alikuwa na wino na nani hapana. Huyu alikuwa nayo?" Nilifungua mdomo. Neno lilikuwa rahisi, "apana," lakini nililiona tayari swali litakalofuata, akininyooshea wale wengine mmoja mmoja, na wa tatu kutoka kushoto alikuwa mama mkubwa. Hakunikunjia uso wala hakuniomba. Alikuwa ameangalia ngumi yake aliyoikaza, na wino ulikuwa tayari umeonekana na kila mtu, kwa hiyo hata ningesema nini nisingemuumiza zaidi. Hilo ndilo lisilonitoka kichwani. Wembe ulikuwa umeshawasema wote. Ukweli wangu ulikuwa wa kumsaidia mtu mmoja bila kumdhuru yeyote, na mimi pale, mbele ya meza, sikuliona hilo. Niliona tu kwamba naulizwa juu ya watu wangu.

"Sikuangalia," nilisema.

"Umepaka kucha, na haukuangalia kucha?"

"Sikuangalia."

Kijana alimtazama Mama Nyota, akatazama lori, ambalo lilitakiwa kuondoka mapema kwa sababu ya usalama wa barabara, akachukua jetoni kumi na nne akazitia katika mfuko wa shati. Majina yakapigwa mstari. Mama Nyota aliendelea kunitazama. Haikuwa hasira, ningeielewa hasira. Alikuwa na uso wa mtu aliyeingia kwenye chumba akasahau alichofuata.

Wale kumi na watatu walikuwa na unga wa ng'ambo. Mama Nyota hakuwa na kitu. Jumamosi alfajiri alichukua jembe na kikapu cha mgongoni, akawaleta watoto wake kwetu, akasema anakwenda shambani kwake, kule juu, kuchimba mateke yake mwenyewe, magimbi aliyoyaacha ardhini alipokimbia. Hakuna aliyekuwa akipanda vilima vile mwezi ule isipokuwa wenye bunduki. Mama mkubwa alisimama mlangoni akasema, "Usiende, mama. Tutagawana." Akajibu, "Tutagawana ya nani?" na akaenda. Siku mbili watoto wake walikula bugali yetu, unga ule ule, wakiwa kati yangu na mama mkubwa. Kila nilipomwona yule mdogo akilamba vidole nilimsogezea sahani yangu. Nilisali, na sala yangu ilikuwa ya kuchanganyikiwa: sikujua kama namwomba Mungu amrudishe kwa ajili ya watoto au kwa ajili yangu, nisije nikawa mimi niliyemuua.

Alirudi siku ya tatu mchana, akichechemea, goti limechubuka, kikapu kimejaa. Aliomba sufuria kubwa ya Papa Paluku, akachemsha mateke yote uani, akaita watu. Waliitwa hata wale wanawake, nao walikuja na sahani zao, wakiwa wameficha mikono kwenye vitenge. Aliniita nikae karibu naye nimenye. Mateke ya moto yanaunguza, unayarusha mkono huu na huu.

"Sifa," alisema, chini chini, bila kuacha kumenya. "Ile siku ulinipaka. Uliona kidole yangu?"

"Niliona, mama."

"Ilikuwa safi?"

"Ilikuwa safi."

Alitikisa kichwa kukubali, taratibu, mara kadhaa. Nilingoja aulize kwa nini. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta jibu, nimpe pale pale pamoja na machozi yaliyokuwa yamenijaa. Hakuuliza.

"Basi tuko wawili wenye kujua," alisema. Akachagua teke kubwa, akalipuliza, akaliweka mkononi mwangu. "Kula." Nikala. Nilikuwa na njaa, na aliponiongezea la pili nikapokea.